Kitako cha bunduki na mafuta ya kitani: ushauri kwa fundi anayeanza

Karibu kila anayeanza kazi hii huniuliza kwanza apake mafuta gani. Swali ni zuri, ila limewahi mno. Kwanza ujue kitako kilicho mbele yako, yaani mti wote wa bunduki hadi ule ulio chini ya mtutu, kilipakwa nini huko kilikotoka. Kisha ujiulize kama kinastahili kuguswa hata kidogo. Ukishayajibu hayo mawili, la mafuta halikusumbui.

Nazungumzia bunduki za zamani za kijeshi za Uingereza na Marekani, pamoja na zile za kuwindia zilizotengenezwa London, kwa sababu humo ndimo desturi ya mafuta ilikokomaa. Vitako vyake vingi ni vya mjozi, mti wa nchi za baridi unaozaa zile kokwa zenye umbo la ubongo. Mbao yake si nzito kupita kiasi, hustahimili mshindo bila kupasuka ovyo, na ikionja mafuta mishipa yake hutokeza kahawia na nyeusi. Wakati wa vita vikuu, mjozi ulipoadimika, Waingereza waligeukia pia miti mingine yenye mbao nyeupe zaidi. Kwetu bunduki hizi ziliingia na askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliobeba bunduki za Kiingereza za Lee-Enfield, na wawindaji walioshuka Mombasa na kupanda treni kwenda Nairobi. Chache zingali mikononi mwa watu wenye leseni, nyingine kwa urithi, na mti wake umekauka hadi umekuwa wa kijivu.

Jambo la sheria nalitaja mapema ili tusilirudie. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili huruhusiwi kukaa na silaha bila leseni, na ufundi wa mbao hauwi leseni. Kwa hiyo mwenye bunduki, au fundi wa silaha mwenye kibali, ahakikishe haina risasi, atenganishe mti na chuma, chuma kibaki kwake. Wewe pokea mti mtupu. Na hata huo mti, mwambie aulize polisi kwanza kama kuna karatasi inayotakiwa. Mteja akikuletea bunduki nzima akisema "nitaipitia kesho", mrudishe nayo nyumbani.

Sasa tuuangalie mti. Si kila kitako cha zamani kilipakwa mafuta. Mosin-Nagant nyingi za Kisovyeti zina sheleki, yaani ule utomvu wa mdudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Bunduki nyingi za kuwindia zilizotoka viwandani Marekani baada ya Vita vya Pili zina vanishi ngumu inayong'aa. Ukipaka mafuta juu ya vanishi hayana pa kuingia. Yatakaa juu yakinata, yakusanye vumbi, na mteja atakulaumu kwa haki. Ili ujue, fungua bati la nyuma ya kitako, tafuta mahali pasipoonekana, dondoshea tone la spiriti, subiri kidogo, kisha gusa kwa kidole. Kikinata, hiyo ni sheleki. Pasipobadilika kitu, chukua ncha ya kisu ukwaruze taratibu: vanishi huruka vipande vidogo vyeupe kama ukucha uliokatwa, ilhali mti uliokunywa mafuta hutoa unga wa kahawia tu, bila ngozi yoyote juu yake.

Ukishajua ni mafuta, angalia mihuri. Hapa ndipo wanaoanza huharibu kitu kisichorudi. Bunduki zilizotengenezwa Springfield Armory, kiwanda cha serikali ya Marekani kule Massachusetts kilichofungwa mwaka 1968, ziligongwa mihuri ya wakaguzi kwenye mti wenyewe, ubavuni na kwenye shingo, pale pembamba mkono unaposhika. Za Kiingereza utakuta mshale mpana wa serikali. Mihuri hiyo ina kina kidogo sana, na msasa haujui kuuruka. Mkusanyaji anayejua mambo hutazama muhuri kabla hajatazama mtutu, na ukishaufuta umemtoa mwenye bunduki fedha nyingi mfukoni bila yeye kujua.

Zaidi ya mihuri kuna jambo la usawa. Kitako kilipotoka kiwandani, mti ulikuwa sawasawa na chuma, pengine umekizidi chuma kidogo sana. Pitisha ukucha kwenye ukingo pale mti unapokutana na bati la nyuma. Ukucha ukishuka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti, kuna mtu alishapita hapo na msasa. Kila utakapopiga msasa zaidi, kile kidaraja kitakua, na hakuna mafuta duniani yatakayourudisha mti uliokwisha kuwa unga. Msimamo wangu kuhusu kitako cha kijeshi chenye mihuri ni huu: msasa usiguse kabisa. Kisafishe, kilishe mafuta, basi. Alama za vita na mikwaruzo ya mkanda ni mali ya bunduki hiyo.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya matambara na subira. Lowesha kitambaa laini kwa tapentaini, fuata nyuzi za mbao, badilisha kitambaa kila kinapokuwa cheusi. Pale penye utando mgumu wa jasho na vumbi tumia waya laini kabisa wa kusugulia, uliochovywa kwenye tapentaini hiyo hiyo, na mkono uwe mwepesi. Usikiloweke kitako kwenye maji. Wala usitumie magadi ya kuoshea au dawa za kuondolea rangi zenye makali. Zinatoa uchafu, ni kweli, lakini pia zinaubadilisha mti rangi na kuacha nyuzi zimesimama.

Ugonjwa mkubwa wa vitako vya zamani uko shingoni, nyuma kidogo ya mahali mtambo unapokaa. Bunduki ikisimamishwa kabatini miaka mingi mtutu ukiwa juu, mafuta ya kulainishia chuma hutiririka polepole hadi kwenye mti. Mafuta hayo ya madini hayakauki. Hukaa humo, huufanya mti mweusi na mlaini, na siku moja shingo hupasuka kwa mshindo. Kuyatoa, changanya unga wa chaki na asetoni upate uji mzito, ubandike mahali peusi, uache hadi ukauke uwe unga, kisha upanguse. Chaki itakuwa imegeuka ya njano au kahawia, kwa sababu imeyanyonya. Rudia. Safari ya kwanza utashangaa yanavyotoka, ya pili na ya tatu yatapungua, na utaacha chaki inapobaki nyeupe. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto wa aina yoyote, maana mvuke wa asetoni huwaka haraka. Na mweleze mwenye bunduki aiweke mtutu ukitazama chini kwa siku chache kila baada ya kuusafisha mtambo wake.

Mabonyeo hayahitaji msasa pia. Nyuzi zilizobonyea bila kukatika zinaweza kurudi. Weka kitambaa chenye unyevu juu ya bonyeo, gusa na ncha ya pasi ya moto kwa muda mfupi, inua, tazama. Mvuke huingia kwenye nyuzi, zinavimba, zinapanda. Bonyeo la kina huhitaji kurudiwa. Kama nyuzi zimekatwa na kitu chenye makali, mvuke hautasaidia, liache hapo. Na kaa mbali na mihuri, kwa sababu mvuke unaopandisha bonyeo hupandisha muhuri vilevile.

Haya, mafuta. Si mafuta yote yanayokauka, na hili ndilo ningependa kila anayeanza alishike kuliko lolote. Nimeona magobore ya vijijini yakipakwa mafuta ya nazi, na bunduki nzuri za kuwindia zikipakwa mafuta ya kupikia, eti mti unang'aa. Unang'aa kwa wiki moja, kisha mafuta yanachacha, yananuka, yanashika vumbi, na katika hewa ya pwani yanaota ukungu. Wakemia wana kipimo kiitwacho namba ya ayodini, kinachoonyesha ni kwa kiasi gani mafuta yanaweza kushikana na hewa hadi yagande. Mafuta ya kitani yana namba kati ya 170 na 200. Alizeti iko kati ya 110 na 145 hivi: hukauka nusunusu, yakabaki yananata. Nazi haifiki 12. Zeituni nayo haikauki. Mafuta ya injini tusiyataje kabisa.

Mafuta ya kitani hukauka kwa njia tofauti na maji. Maji yakikauka yameondoka. Mafuta haya hayaondoki. Huvuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zikashikamana moja na nyingine, na utando huo huongezeka uzito unapokauka. Ukielewa hilo, nusu ya maswali yako yamejibika. Yanataka hewa, kwa hiyo usikifungie kitako kwenye boksi. Yanapenda joto na mwanga, kwa hiyo chumba cha giza na baridi hukucheleweshea kazi. Na yanakauka kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo ukipaka safu nene, juu hujifunga ngozi na chini hubaki mabichi. Hiyo ngozi iliyojikunja ndiyo unayoiona kwenye vitako vilivyopakwa na mtu mwenye haraka.

Dukani utakuta aina mbili za linsidi, ndiyo hayo mafuta ya mbegu za kitani: mabichi na yaliyochemshwa. Mabichi hukauka polepole mno, siku kadhaa hadi wiki, na kwenye unyevu huota ukungu kwa urahisi. Yaliyochemshwa, kwa sehemu kubwa ya yanayouzwa leo, hayakuchemshwa. Yametiwa chumvi za metali, hasa kobalti na manganizi, zinazoharakisha kuvuta oksijeni, na safu nyembamba hukauka kwa siku moja hivi kukiwa na joto. Zamani waliyachemsha kweli, wakatia oksaidi ya risasi, ile metali nzito yenye sumu, si risasi ya kufyatua. Ndiyo maana nakukataza kujaribu mapishi ya kale unayokutana nayo, hata yakiwa na sifa ya mafundi wakubwa wa London. Risasi hiyo huingia mwilini kupitia vidole na mvuke, na wewe unapaka kwa kiganja.

Majeshi yalitumia mafuta ya kitani kwa sababu yalipatikana, yalikuwa rahisi, na askari yeyote angeweza kuyapaka kwa mkono wake kambini. Viwandani vitako vilizamishwa kwenye mapipa ya mafuta, na askari akapewa mabichi ya kusugulia mara kwa mara. Bunduki ya M1, iliyokubaliwa rasmi na jeshi la Marekani mwaka 1936, ilianza na kitani. Miaka ya vita yakaingia pia mafuta ya tung, yanayokamuliwa kwenye kokwa za mti wa Kichina. Haya hukauka magumu zaidi, hustahimili maji vizuri zaidi, na hayageuki manjano sana kadiri miaka inavyokwenda. Ukanda wetu unayajua kuliko tunavyodhani: Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, ulianza kama makazi pembeni ya shamba la tung lililofunguliwa na Waingereza mwaka 1947. Tatizo la tung leo ni lebo. Chupa nyingi zilizoandikwa jina hilo ni vanishi iliyochanganywa na tapentaini, na tung yenyewe ni kidogo au haimo kabisa. Soma lebo upande wa nyuma. Kama haisemi ni safi asilimia 100, chukulia kwamba si safi.

Ukiniuliza mimi: kwa kitako cha kijeshi, kitani. Kwa bunduki ya kuwindia inayoishi pwani na kunyeshewa, tung safi. Kuchanganya kunaruhusiwa, lakini jifunze kwanza tabia ya kila moja peke yake.

London walikuwa na njia yao, na inafaa uijue hata kama hutaifuata yote. Katika nyumba za kutengeneza bunduki kama Purdey, iliyoanzishwa mwaka 1814, na Holland & Holland, iliyoanzishwa mwaka 1835, kumalizia ni ufundi unaojitegemea. Anayetengeneza mtutu si anayechonga kitako, na anayechonga si anayemalizia. Rangi ile nyekundu ya ndani unayoiona kwenye bunduki zao mara nyingi imetokana na mizizi ya mmea uitwao alkaneti iliyolowekwa kwenye mafuta ya kitani hadi yakawa mekundu kama divai. Mafuta hayo huuamsha mjozi bila kuficha mishipa yake. Kisha vinyweleo vya mti huzibwa, mafuta husuguliwa kwa kiganja, yanaachwa, yanasuguliwa tena, na mwishowe hupigwa unga laini wa jiwe ili mng'ao uwe wa chini, usioakisi jua. Kazi ya wiki nyingi. Mwindaji hataki kitako kinachomulika kama kioo porini, kwa hiyo ule mng'ao mpole una sababu yake.

Tufike kwenye kupaka. Nachukulia mti ni msafi, mkavu, na kama ni mpya umepigwa msasa hadi namba 320. Mti mpya uloweshe kwanza kwa kitambaa chenye maji kidogo, uuache ukauke. Utahisi umeota manyoya. Yakate kwa msasa uliochakaa, kwa mkono mwepesi, kisha rudia hadi yasiote tena. Usipofanya hivyo, siku ya kwanza ya mvua manyoya yataota juu ya mafuta yako.

Safu ya kwanza changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, paka kwa wingi, acha mti unywe kadiri unavyotaka kwa robo saa au zaidi, ukiongeza pale panapokauka haraka. Kisha, na hapa usilegee, futa yote yaliyobaki juu. Futa mpaka kitambaa kikavu kisishike kitu. Kilichoingia kimeingia, kilichobaki juu ni matatizo.

Katika safu hiyo ya kwanza anza na sehemu zisizoonekana: nyuma chini ya bati, ndani ya mfereji wa mtutu, tundu la mtambo, na kila mahali mbao ilipokatwa kwa kukingama. Mti hunywa maji kwa vichwa vya nyuzi kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Kitako kinachopendeza nje na kikavu ndani kitapinda, mbele itausukuma mtutu upande, na mwenye bunduki atashangaa kwa nini shabaha yake imehama baada ya masika. Hapo nyuma chini ya bati mimi hupaka hadi mti ukatae kunywa.

Safu zinazofuata usichanganye na tapentaini, na zisiwe nyingi kwa mara moja. Matone machache kiganjani, sugua sehemu ndogo hadi usikie kiganja kimepata joto, sogea sehemu nyingine. Joto hilo huyalainisha mafuta yakasambaa kuwa membamba kuliko brashi yoyote inavyoweza. Ukimaliza, mti uonekane umepata uhai, usionekane umelowa. Ukiona alama ya kidole inabaki, umeweka mengi, futa.

Kuziba vinyweleo, kama mwenye kitako anataka uso laini kabisa, paka mafuta kidogo kisha piga msasa namba 400 au 600 mti ukiwa umelowa. Unga wa mti unaochanganyika na mafuta huwa uji mzito unaoingia kwenye vinyweleo. Futa kwa kukingama nyuzi, si kwa kuzifuata, ili usiung'oe ule uji ndani ya vinyweleo. Lakini kwa bunduki ya kijeshi usifanye hivi hata kidogo. Haikuzaliwa laini.

Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Wazungu wana kanuni ya kale: kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi, kila mwezi kwa mwaka, kisha mara moja kwa mwaka maisha yote. Usiichukulie kama amri ya kalenda. Dar, Tanga au Mombasa wakati wa masika safu iliyopaswa kukauka kwa siku moja inaweza kuchukua tatu au nne. Arusha au Nanyuki usiku wa baridi hali ni hiyo hiyo. Kipimo chako kiwe pua na kidole: harufu kali ya mafuta imepungua, na kidole kikiteleza hakishikwi. Kama kinashikwa hata kidogo, subiri. Ninapofanya kazi pwani nakitundika kitako mahali penye upepo na kivuli chepesi, mchana tu, na usiku nakiingiza ndani kukwepa umande.

Michoro ya mistari inayokatana pale mkono unaposhika isifanyiwe kwa kiganja. Mafuta yatajaa kwenye mifereji na kuifanya laini. Tumia mswaki mkavu uliochovya tone moja, kisha mswaki mwingine mkavu kuyatoa.

Sasa sikiliza kwa makini kuhusu matambara. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kinapokauka kinatoa joto, kwa sababu ile kazi ya kuvuta oksijeni huzalisha joto. Kikitandazwa, joto linatoroka. Kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo pamoja na vingine, joto linajikusanya hadi vinawaka vyenyewe, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kuondoka. Tarehe 23 Februari 1991, jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia, Marekani, lenye ghorofa 38, lilishika moto ulioanzia kwenye matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi wa mbao katika ghorofa ya 22. Wazimamoto watatu walikufa. Moto ulipanda hadi ghorofa ya 30, ambako vinyunyizio vya maji vilivyokuwa vimefungwa huko viliusimamisha. Ile ilikuwa kazi ya kawaida ya kung'arisha mbao, kama yako na yangu.

Kwa hiyo kila tambara, hata dogo, litandaze nje peke yake hadi liwe kavu na gumu, au litie kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko. Hata ule waya laini uliousugulia, hivyo hivyo. Kama una mwanafunzi, hili mfundishe kabla hujamfundisha kupaka, na usiondoke karakana bila kuhakikisha kwa macho yako.

Utaambiwa kwamba mafuta huzuia maji. Usimwahidi mteja hivyo. Maabara ya serikali ya Marekani inayochunguza mbao, iliyoko Madison, Wisconsin, ilipima namna rangi na mafuta mbalimbali yanavyozuia unyevu wa hewa kuingia kwenye mbao, na mafuta ya kitani yalikuwa miongoni mwa yaliyofanya vibaya kabisa. Tone la mvua litateleza ukilifuta mapema, lakini unyevu wa hewa utaingia na kutoka utakavyo. Kama mtu anataka kitako kisichosikia masika wala kiangazi, ampelekee mwingine ampakie vanishi ya kisasa. Faida ya mafuta iko kwingine. Vanishi ikikwaruzwa lazima uivue yote uanze upya. Kitako cha mafuta kikikwaruzwa, unatia matone mawili pale pale, unasugua, jioni hakuna anayepajua mahali hapo. Ndiyo maana bunduki ya mwaka 1917 inaweza kuwa na mti mzuri leo, kila aliyeimiliki akiwa ameongeza kidogo chake. Mimi naipenda kazi hii kwa sababu hiyo hasa, na sioni haya kumwambia mteja kwamba nampa kitu atakachopaswa kukitunza.

Wengine mtaletewa vitako vilivyochongwa hapa hapa, vya mninga, mvule au hata mpingo, kuziba pengo la kitako kilichovunjika. Mninga hupokea mafuta vizuri sana, wala sioni wivu kwa mjozi. Mvule na mpingo zina kemikali zake za asili zinazochelewesha mafuta kukauka. Pangusa uso kwa asetoni, acha ikauke, kisha paka safu ya kwanza mara moja kabla kemikali hizo hazijapanda tena juu. Hata hivyo tarajia kungoja zaidi, na jaribu kwanza kwenye kipande cha mti huo huo.

Na wazee wetu wa majahazi wasingeshangaa kuona haya. Hutia sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao za chombo zilizo juu ya usawa wa maji, na huyarudia kila chombo kinapopandishwa pwani. Sifa haifai kwa kitako, inanuka na haikauki inavyotakiwa, lakini mtazamo ni ule ule: mbao hailishwi mara moja ikasahauliwa.

Unapomkabidhi mwenye kitako, usikubali kirudishwe kwenye chuma siku hiyo hiyo ya safu ya mwisho. Kipe angalau wiki mbili za kukomaa, pwani zaidi. Nta ya nyuki kidogo juu, ikisuguliwa hadi isinate, inasaidia mikono yenye jasho. Usiiweke mapema, kwa sababu mafuta yajayo hayatapenya penye nta hadi uitoe kwa tapentaini. Mwandikie kwenye karatasi ni mafuta gani umetumia na mwezi gani, ili fundi atakayefuata asianze kubahatisha kwa spiriti. Mweleze pia asiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa sponji uliofungwa, maana sponji hushika unyevu na kuubandika kwenye mti na kwenye chuma kwa pamoja. Akirudi mvuani, afute kwa kitambaa kikavu kabla ya kitu kingine chochote, na mti ukianza kuonekana mweupe pembezoni mwa bati la nyuma, ajue umefika wakati wa matone machache na kiganja.